Saa ya jeshi haina mwenyewe, ina stoo

Kila mtu akiniletea saa ya zamani ya kuzamia yenye namba za jeshi mgongoni, swali la kwanza ni lilelile, "fundi, hii ilikuwa ya nani?" Na jibu langu huwa linawakata stimu kidogo maana haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya stoo. Mzamiaji alipewa saa kama alivyopewa buti na kisu, anasaini, kazi ikiisha anairudisha anapewa mwingine, kwa hiyo saa moja inaweza kuwa imepita mikono kibao na hakuna jina hata moja lililochongwa pale. Muuzaji akianza kukupigia stori za komando aliyelipua meli usiku wa manane, msikilize kwa heshima, akimaliza mwambie aigeuze saa.

Tuchukue hii ambayo watu wanaifukuzia kuliko zote, Rolex Submariner ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, ile iliyotolewa miaka ya 1970 na wakusanyaji wanaiita MilSub. Mgongoni utakuta kamshale kanakotazama juu, kama unyayo wa kuku. Hiyo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza na ni ya zamani kweli, ilishapigwa kwenye mbao za meli na nguo za wafungwa kabla hata saa za mkononi hazijawa kitu. Halafu kuna 0552, maana yake stoo ya jeshi la majini, au W10, jeshi la nchi kavu. Kisha 923-7697. Hapa wengi wanababaika, kwa sababu namba hiyohiyo utaikuta pia kwenye Omega Seamaster 300 ambayo waliivaa kabla ya Rolex hii, kuanzia 1967, basi mtu akiona namba moja kwenye saa mbili tofauti anaruka kusema moja ni feki. Siyo. Ile ni namba ya aina ya kifaa, yaani "saa ya mzamiaji", stoo haikujali imetengenezwa na nani. Ya chini kabisa ndiyo ya saa yenyewe, mfano 124/76, saa namba 124 ya mwaka 1976.

Sasa jeshi halikununua tu Submariner ya dukani likaichonga mgongo, na hapo ndipo utamu ulipo. Akrabu zilibadilishwa zikawa pana kama upanga. Bezeli, lile duara la nje la kuzungusha, ilichorwa dakika zote 60 wakati ya kiraia ina vistari vya dakika 15 za mwanzo tu. Kwenye uso kuna herufi T ndani ya duara, kuonyesha rangi inayong'aa ni ya tritiamu, kitu chenye mionzi kidogo kinachoifanya ing'ae gizani. Na kitu ninachokipenda kuliko vyote ni mkanda: saa ya kawaida inashikwa na vipini vyenye springi, kimoja kikichomoka saa imezama, kwaheri. Wao wakaweka vyuma imara vilivyochomelewa moja kwa moja kati ya masikio ya saa, vile vipembe vinavyoshika mkanda, havitoki. Ndio maana mkanda wake lazima uwe wa nailoni wa kupitisha chini ya saa, huu ambao watu wanauita G10 kwa sababu ili uupate stoo ulijaza fomu ya G1098.

Shida ni kwamba saa hizi zilipouzwa uraiani hakuna aliyeziona za thamani. Mtu anataka kuvaa na mkanda wa chuma, anampelekea fundi, fundi anakata vile vyuma, anatoboa matundu ya vipini vya springi. Akrabu zimechakaa? Anaweka zilizopo kwenye kikopo chake. Bezeli hivyohivyo. Nimeona MilSub halali kabisa imebaki mgongo na sanduku tu, yaani mwili wa saa, kila kitu kingine cha kiraia, na mwenyewe anaomba radhi kunionyesha akidhani kapigwa.

Rangi nayo inasema. Tritiamu inapungua nusu kila miaka 12 na ushee, kwa hiyo saa ya 1975 leo imebaki na asilimia kama 6 tu. Nikiimulika na taa ya yuvii (UV) inawaka, nikizima taa inafifia muda huohuo. Ikiendelea kung'aa dakika kadhaa baadaye, hiyo rangi imepakwa upya, mjadala umefungwa. Wengine wanakuja na kile kimashine cha kupima mionzi wakitegemea kilie, lakini mionzi ya tritiamu ni dhaifu hata kioo cha saa haivuki. Kikilia, hapo una rediamu, rangi ya zamani yenye mionzi mikali zaidi, ambayo haina kazi kwenye saa ya 1975.

Wafaransa walikuwa na mtindo wao. Wao ndio waliosukuma jambo hili mapema, maafisa wawili, Maloubier na Riffaud, walipounda kikosi cha wazamiaji wa kivita walitafuta saa inayofaa na mwisho wakaishia kwa Blancpain, kampuni ya saa ya Uswisi, ikatoka saa iitwayo Fifty Fathoms mwaka 1953. Baadaye jeshi lao la majini likavaa sana saa za Tudor, mgongoni M.N. (Marine Nationale, jina la jeshi lao hilo) na tarakimu mbili za mwaka, basi. Wengi wao walijishonea mikanda kwa lastiki ya parashuti. Mimi huo mkanda naupenda kuliko saa, ila tuachane na hilo. Wamarekani nao walikuwa na Tornek-Rayville, ambayo kwa kweli ni Blancpain yenye jina lingine ili ipite kwenye sheria ya kununua vya Kimarekani, na nyingi ziliharibiwa makusudi kwa sababu ya mionzi.

Turudi kwenye mgongo, maana ndipo pesa ilipo na ndipo wahuni walipo. Nikiweka lenzi jichoni sihangaiki na herufi kwanza, naangalia mikwaruzo. Saa iliyochongwa 1976 ikavaliwa miaka mingi, mikwaruzo inapita juu ya herufi, inaingia kwenye mtaro na kutokea upande wa pili, na kingo za herufi zimelainika na uchafu umekandamana ndani. Iliyochongwa mwezi uliopita ni kinyume, herufi ndiyo inayokata mkwaruzo wa zamani, safi kama mtaro uliochimbwa katikati ya njia. Ukishaiona mara moja huwezi kuacha kuiona.

Lakini hata hilo linaweza kukudanganya. Niliwahi kuletewa moja, mgongo mzuri ajabu, 0552, mwaka 77, mikwaruzo iko inapotakiwa, mimi mwenyewe nikaanza kutabasamu. Nikatoa mkanda nisome namba ya kiwanda iliyo kati ya masikio ya chini, upande wa alama ya 6. Namba ya miaka ya 1960! Sanduku limezaliwa kama miaka kumi kabla ya mgongo wake. Nikamulika ndani ya masikio, hakuna kovu lolote la chuma kilichokatwa, ni chuma tupu kilivyotoka kiwandani. Mgongo ulikuwa halali, saa ndiyo haikuwa yake, na mgongo si ni mfuniko wa kuzungusha tu, unafunguka unahamishwa. Mteja alikaa kimya kidogo kisha akauliza swali zuri kuliko la mwanzo, "sasa ile saa ya mgongo huu iko wapi?"

Iko mahali, inavaliwa, ina mgongo wa kiraia na matundu ya kutobolewa, na aliyeivaa hana habari. Ndio maana siku hizi ikija Submariner ya kawaida ya miaka ile, haina stori, haina namba, mtu anataka tu isafishwe, navua mkanda kwanza namulika ndani ya masikio.