Fasihi ya Kiingereza na ya Marekani chuo kikuu: yanayosemwa na yaliyopo

Kijana akisema anakwenda chuo kikuu kusoma sheria au uhasibu, nyumbani hakuna maswali mengi. Akisema fasihi ya Kiingereza, na ya Marekani ndani yake, wazazi wanatazamana. Wengi wanaidhani fasihi kuwa kitu kilichokwisha kamilika huko kwa wenyewe, na mwanafunzi hana la kufanya ila kukipokea, kukikariri na kukisifu. Nimeisoma na ninaifundisha, na inaniuma kuona watu wakiikimbia, au wakijiunga nayo, kwa sababu zisizo za kweli.

"Hakuna jibu baya, ni maoni yako tu"

Hii ndiyo dhana inayowaumiza zaidi wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mtu anaandika jinsi shairi lilivyomgusa, insha inarudi na alama ndogo, na pembeni mwalimu ameandika "wapi?". Anauliza ni mshororo gani unaosema hayo.

Chukua shairi la Mmarekani Robert Frost, "The Road Not Taken", lililochapishwa mwaka 1915. Lina beti nne za mishororo mitano mitano. Walio wengi wanaijua mishororo mitatu ya mwisho, ile inayowekwa kwenye kadi za mahafali: njia mbili ziliachana msituni, nami nikashika ile isiyopitwa sana, na hapo ndipo tofauti yote ilipotokea. Basi shairi linachukuliwa kuwa wito wa kuthubutu na kutofuata mkumbo.

Sasa rudi ubeti wa pili. Msemaji anasema njia aliyoichagua ilikuwa na majani mengi, kana kwamba inataka kukanyagwa, kisha papo hapo anajirekebisha: kwa kweli wapitaji walikuwa wamezichakaza zote mbili karibu sawasawa. Ubeti wa tatu unakazia kwamba asubuhi ile njia zote zilikuwa zimefunikwa sawa na majani ambayo hakuna mguu uliokuwa umeyakanyaga yakawa meusi. Kisha angalia wakati wa vitenzi katika ubeti wa mwisho. Msemaji anasema *atakuja* kuyasimulia haya, akishusha pumzi, miaka mingi huko mbele. Kwa hiyo mishororo ile maarufu ni hadithi anayotabiri kwamba siku moja ataisimulia, wakati yeye mwenyewe amekwisha tuambia kwamba njia zilikuwa sawa. Na kichwa cha shairi kinataja njia ambayo hakuishika.

Baada ya hapo bado kuna mengi ya kubishania. Kule kushusha pumzi ni kwa majuto au kwa kuridhika? Frost alimtumia shairi hili rafiki yake Mwingereza Edward Thomas, aliyezoea kutembea naye mashambani Gloucestershire, na alikuwa akimtania kwa tabia yake ya kusikitikia njia walizoziacha. Je, kujua hilo kunabadilisha shairi, au shairi linajitegemea? Watu wenye akili wanatofautiana hapo. Ila anayesema shairi linasifu njia iliyokuwa ngeni kuliko nyingine ana kazi ya kuueleza ubeti wa pili, na mara nyingi hajausoma. Tafsiri zinazoweza kutetewa ni nyingi. Zisizoweza ni nyingi zaidi.

Jambo hili lilijaribiwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1920. Mhadhiri I. A. Richards aliwagawia wanafunzi mashairi 13 bila majina ya washairi wala tarehe, akawaomba waandike maoni yao, kisha akayachambua katika kitabu alichokitoa mwaka 1929. Wanafunzi hao, waliosoma shule nzuri za Uingereza, walishindwa hata kupata maana ya kawaida ya sentensi, wakawaponda washairi wakubwa na kuwasifu wasiostahili. Usomaji wa karibu, ule wa kukaa na mishororo 20 saa nzima, ulipata nguvu vyuoni baada ya hapo. Mwanafunzi wa Mbeya au Kisumu anayehangaika na shairi asidhani tatizo ni kuzaliwa mbali na London.

"Muhtasari unatosha, madesa yapo"

Muhtasari unakwambia kilichotokea. Mtihani wa chuo unauliza kimesemwaje, na kwa nini hivyo.

Frederick Douglass alitoroka utumwani Maryland mwaka 1838 na kuchapisha simulizi ya maisha yake mwaka 1845. Muhtasari wowote utasema: alizaliwa mtumwa, hakujua umri wake. Fungua ukurasa wa kwanza wa sura ya kwanza uone anavyolisema. Sentensi ya kwanza inataja mahali alipozaliwa kwa usahihi wa mpima ardhi: Tuckahoe, karibu na Hillsborough, maili kama 12 kutoka Easton, katika kaunti ya Talbot. Sentensi ya pili inasema hana ujuzi kamili wa umri wake, kwa kuwa hajawahi kuona kumbukumbu yoyote ya kuaminika inayouonyesha. Mahali anapajua hadi maili. Siku yake mwenyewe haijui. Kisha anaongeza kwamba watumwa walio wengi huijua miaka yao kwa kiasi kile ambacho farasi huijua yake, na kwamba mabwana wengi walitaka iwe hivyo. Hajalia wala hajalaani. Ameziweka sentensi mbili pamoja, na msomaji ameona wizi uliofanyika. Hilo huliambulii kwenye desa hata likiwa zuri namna gani.

"Kitabu ni kilekile, kilishaandikwa kikaisha"

Vitabu vingi havikutulia hivyo. *King Lear* ya Shakespeare ilichapwa mwaka 1608, ikachapwa tena ndani ya mkusanyiko mkubwa wa mwaka 1623, na matini hizo mbili zinatofautiana kwa mamia ya mistari; hata maneno ya kufunga tamthilia yanasemwa na Albany katika ile ya kwanza na Edgar katika ya pili. Wahariri wa Oxford waliamua mwaka 1986 kuzichapa zote mbili kama tamthilia mbili. Na tangu mwaka 1681, kwa karibu miaka 150, jukwaa la Uingereza lilionyesha toleo la Nahum Tate ambamo mfalme Lear hafi na binti yake Cordelia anaolewa, badala ya wote wawili kufa.

Mshairi Mmarekani Emily Dickinson aliacha karibu mashairi 1,800 alipofariki mwaka 1886, na yaliyokuwa yamechapishwa yalihesabika kwa vidole. Wahariri wa kwanza, mwaka 1890, waliyatia vichwa ambavyo hakuvitia, wakasawazisha vina na kufuta vistari vyake vingi. Ilikuwa mwaka 1955 ndipo Thomas H. Johnson alipoyatoa yote karibu na yalivyo katika mwandiko wake. Mwanafunzi anayechambua alama za uakifishaji za Dickinson aangalie kwanza ameshika toleo gani.

"Orodha ya vitabu ni ya tangu enzi"

Somo lenyewe ni changa. Oxford, chuo cha tangu karne ya 12, kilianzisha shahada ya Kiingereza mwaka 1894, na Cambridge ikafuata mwaka 1917. Kabla ya hapo, msomi wa kweli alikuwa wa Kilatini na Kigiriki. Mtafiti Gauri Viswanathan ameonyesha kwamba fasihi ya Kiingereza ilifanywa somo rasmi India chini ya utawala wa Waingereza kabla ya kupata hadhi hiyo kwao wenyewe. Liliundwa sehemu kubwa kwa ajili ya kutawala, na ni vizuri anayelisoma ajue hivyo tangu mwanzo.

Ya Marekani ilichelewa zaidi, maana hata maprofesa wa Marekani walikuwa wakiiona tawi tu la Uingereza. Jarida lao la kitaaluma lenye jina la fasihi hiyo lilianza mwaka 1929. Herman Melville, ambaye leo hakuna mtaala unaomruka, alifariki New York mwaka 1891 akiwa amekwisha sahaulika, baada ya kufanya kazi ya forodha miaka 19. Riwaya yake *Moby-Dick* ya mwaka 1851 ilifufuliwa katika miaka ya 1920. Mwandishi Mweusi Zora Neale Hurston alifariki mwaka 1960 akazikwa Florida katika kaburi lisilo na jina, na mwandishi mwenzake Alice Walker akaenda kulitafuta mwaka 1973 na kuliwekea jiwe. Riwaya ya Hurston ya mwaka 1937 sasa inafundishwa kila mahali. Kitabu kinaingia kwenye orodha kwa sababu kuna watu waliokipigania, na kinatoka wakinyamaza.

"Ni mambo ya Wazungu"

Mwaka 1761 meli ilishusha Boston msichana aliyetekwa Afrika Magharibi, mwenye umri wa kama miaka saba, akauzwa na kupewa jina la meli hiyo: Phillis. Miaka 12 baadaye Phillis Wheatley alitoa kitabu cha mashairi, London, maana Boston hakikupata wachangiaji wa kutosha. Mwanzoni mwa kitabu kulikuwa na tamko lililosainiwa na wanaume 18 wa Boston, gavana akiwemo, kuthibitisha kwamba mashairi ni yake kweli. Hiyo ilikuwa mwaka 1773, Marekani haijawa nchi. Kuiita fasihi ya Marekani mali ya Wazungu ni kumnyang'anya kitabu chake mara ya pili. Toni Morrison, mwandishi Mweusi wa Marekani, alikwenda mbali zaidi mwaka 1992: alionyesha kwamba hata waandishi Weupe wasiotaja Weusi waliujenga uhuru wa wahusika wao juu ya kuwepo kwa watumwa.

Upande wetu, hoja hii ilipiganwa waziwazi. Oktoba 1968, Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ifutwe. Hawakusema Shakespeare atupwe. Walihoji kwa nini Uingereza iwe kitovu na Afrika iwe nyongeza, wakataka fasihi simulizi na maandishi ya Kiafrika yawe katikati, na mengine yote, ya Karibiani na ya Marekani yakiwemo, yasomwe kutokea hapo. Idara ikawa ya Fasihi. Mwaka 1975 Chinua Achebe alitoa mhadhara Massachusetts, Marekani, akimshambulia mwandishi Joseph Conrad kwa namna alivyowaandika Waafrika katika *Heart of Darkness*, na tangu hapo ni vigumu kuifundisha riwaya hiyo bila kumjibu Achebe. Ngũgĩ na Achebe walikuwa wamesoma Kiingereza chuoni, Ngũgĩ Makerere na Achebe Ibadan. Silaha waliyoitumia ni usomaji uleule wa mstari kwa mstari.

"Utakiacha Kiswahili"

Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri za Shakespeare akiwa Rais: *Julius Caesar* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Samuel Mushi naye akatupa *Makbeth* na *Tufani*. Huwezi kutafsiri tamthilia bila kuijua hadi kwenye pumzi zake, na Kiswahili ndicho kilichofaidika.

Msomaji wa Kiswahili ana la kuchangia pia. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha fasihi Chuo Kikuu cha Kent hadi alipostaafu, alipata Nobel mwaka 2021. Riwaya yake *Paradise* ya mwaka 1994 inafuata msafara wa biashara kutoka pwani kwenda bara, na wahakiki wameihusisha na masimulizi ya safari yaliyoandikwa kwa Kiswahili, yale ambayo Mjerumani Carl Velten aliyachapa kama *Safari za Wasuaheli* mwaka 1901. Mhakiki asiyejua Kiswahili anayafikia kwa kubahatisha au kwa tafsiri. Wewe unayasoma moja kwa moja. Ida Hadjivayanis aliitoa riwaya hiyo kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina *Peponi*. Ningeshauri mwanafunzi yeyote aziweke mbili hizo mezani na kuzisoma sambamba.

"Nitapata Kiingereza kizuri"

Utakipata, lakini si kwa kufundishwa. Hakuna mhadhara wa sarufi kwa anayeanza. Unatarajiwa uje nayo. Anayetaka lugha kwa ajili ya ofisi achukue kozi ya lugha, ni fupi na nafuu.

"Utakaa nyumbani na cheti"

Hapa nitasema wazi: shahada hii haina leseni mwishoni kama udaktari, wala haina mwajiri anayekusubiri mlangoni. Anayelenga kufundisha sekondari achague ile inayoambatana na elimu, na aulize hilo kabla ya kujaza fomu. Wengine huenda kwenye uhariri, uandishi wa habari, utafsiri, sheria, mashirika. Morrison, kabla ya umaarufu, alikuwa mhariri katika kampuni ya uchapishaji ya Random House, na wasifu wa Muhammad Ali wa mwaka 1975 ulipita mikononi mwake. Mwanasayansi Mmarekani Harold Varmus alisoma fasihi ya Kiingereza chuo cha Amherst na kuchukua shahada ya uzamili Harvard katika fasihi hiyohiyo kabla ya kugeukia udaktari. Mwaka 1989 alipata Nobel ya tiba kwa utafiti wa saratani. Simtaji ili mtu aahidiwe Nobel. Namtaja kwa sababu mzazi anayeamini fasihi inamfungia mtoto milango yote anahitaji kumsikia.

Kabla ya kuomba nafasi, tafuta orodha ya kozi za idara husika uangalie mambo matatu. Fasihi ya Marekani ina kozi yake au imefinywa ndani ya wiki mbili za nyingine? Wanafunzi wanaandika insha ndefu au wanapimwa kwa mitihani ya kukariri peke yake? Na kuna semina ndogo za kubishana, au ni mihadhara ya mamia ya watu tu? Idara isiyo na semina hata moja, mimi ningeiacha.