"Spishi inayolindwa" maana yake nini? Mfano wa nyuti bustanini

Tuseme umehamia nyumba yenye bustani huko Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Mwezi wa tatu unasafisha pembezoni mwa uzio, unainua ubao mkuukuu uliolala hapo msimu mzima wa baridi, na chini yake umejilaza mnyama mweusi mwenye mkia. Mara ya kwanza utasema mjusi. Lakini mjusi ana magamba makavu na angeshakimbia. Huyu ngozi yake ina unyevu na vichunjua, naye anajikokota taratibu. Akijigeuza kidogo utaona tumbo la rangi ya chungwa lenye mabaka meusi. Mpangilio wa mabaka hayo ni wa kila mmoja peke yake, kama alama zetu za vidole.

Huyo ni nyuti mkubwa wa kishungi, ambaye wanasayansi humwita Triturus cristatus. Kiswahili hakina jina lake la asili kwa sababu jamii ya nyuti na salamanda haipo Afrika kusini mwa Sahara. Ni amfibia kama chura, ila yeye ana mkia. Hufikia urefu wa sentimita 17 hivi. Msimu wa kuzaliana, dume huota mgongoni kishungi chenye meno mithili ya upanga wa jogoo. Na ukimuuliza jirani, jambo la kwanza atakalokwambia ni kwamba huyo analindwa.

Spishi inayolindwa ni aina ya mnyama au mmea iliyotajwa na sheria kwa jina, pamoja na yale ambayo binadamu haruhusiwi kuitendea. Uzito uko kwenye kule kutajwa. Kwenye kisiwa kikuu cha Uingereza kuna aina tatu za nyuti wa asili, na wale wawili wadogo sheria inakataza tu kuwauza. Nenda Ireland Kaskazini: yule mkubwa hayupo kabisa, lakini mmoja wa wale wadogo, nyuti wa kawaida, amepewa ulinzi kamili. Mnyama ni yuleyule, bahari nyembamba tu katikati, na hali yake kisheria imebadilika. Ndiyo maana kumjua mnyama peke yake hakutoshi. Sharti ujue pia uko wapi.

Wengi huchanganya kulindwa na kuwa hatarini kutoweka. Mtanzania atamkumbuka chura wa Kihansi. Bwawa la umeme lilipunguza manyunyu ya maporomoko aliyoyategemea, ugonjwa wa kuvu nao ukaingia, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Aliokolewa na wale waliokuwa wakilelewa Marekani, na baadhi yao wakarudishwa Tanzania kuanzia 2010. Nyuti wa kishungi hajafika huko. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ukichukua eneo lake lote, haimweki kabisa miongoni mwa walio hatarini. Ila Uingereza idadi yake ilishuka sana karne iliyopita, vidimbwi vya mashambani vilipofukiwa. Kwangu mimi, hiyo ndiyo faida kubwa ya ulinzi wa kisheria: unaweza kuanza mapema, kabla hatujafikia kuwahesabu waliobaki.

Nchini England ulinzi wake unatokana hasa na sheria ya wanyamapori ya 1981 na kanuni za makazi na spishi za 2017, zenye mizizi kwenye agizo la Umoja wa Ulaya la 1992. Ni kosa kumkamata, kumjeruhi au kumuua kwa makusudi, kumsumbua, kuchukua mayai yake, kumfuga bila kibali au kumuuza. Adhabu yaweza kuwa faini isiyo na kikomo au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Halafu kuna kipengele ambacho wengi hawakitarajii: kuharibu mahali anapozalia au anapopumzika ni kosa hata kama hukukusudia.

Kipengele hiki ndicho kiini cha jambo. Nyuti huingia majini majira ya kuchipua ili kuzaliana, na sehemu kubwa ya mwaka huishi nchi kavu, pengine hadi mita 500 kutoka kwenye kidimbwi. Baridi ikija hujificha chini ya magogo, kwenye mashimo ya mizizi, katikati ya mawe au ndani ya lundo la mboji. Kidimbwi basi ni chumba chake cha kuzalia tu. Vyumba vingine ni yale malundo unayoyaona wewe kama takataka. Ungelinda maji peke yake na kuacha malundo yasombwe, miaka michache baadaye ungekuwa na maji matupu.

Bustani lakini inabaki yako. Hulazimiki kumripoti nyuti kwa mtu yeyote, na utaendelea kukata nyasi na kupanda maua. Ila kabla ya kufukia kidimbwi au kubomoa ukuta wa mawe aliojificha, uliza kwanza kama unahitaji leseni. Usimhamishie kwenye kidimbwi kingine kwa nia njema: huko ni kumkamata, na unaweza kubeba ugonjwa pamoja naye. Samaki nao usiwatie, maana watakula viluwiluwi vyake.

Ukitaka kujenga, huenda halmashauri ikadai uchunguzi. Siku hizi maji ya kidimbwi huchotwa kati ya tarehe 15 Aprili na 30 Juni na kupimwa kama yana DNA yake. Leseni hutolewa na Natural England, taasisi ya serikali ya kulinda mazingira, na katika maeneo mengi mjenzi anaweza badala yake kulipia vidimbwi vipya vichimbwe kwingine.

Yule wa chini ya ubao mwache ajisogeze, kisha urudishe ubao polepole. Mwezi wa nne chungulia mimea ya majini. Ukiona majani yaliyokunjwa moja moja, ni kazi ya jike: hutaga mayai mia mbili, tatu, kila moja akilifunga kwenye jani lake kwa miguu ya nyuma. Usilikunjue. Likishafunguliwa, yai hubaki wazi kwa kila mdomo unaopita.