"Twendeni Askari" haukutungiwa jeshi

Juzi tena, baada ya mazoezi ya kwaya, mwimbaji mmoja wa besi kanieleza kwa uhakika kabisa kwamba "Twendeni Askari" (kwa Kiingereza "Onward, Christian Soldiers") ni wimbo wa majeshi ya Kiingereza na mtunzi wake alikuwa kasisi wa kambini. Hii mara ya ngapi? Nimechoka, acha niandike.

Mwaka 1864 Sabine Baring-Gould, mtunzi wa maneno yake, alikuwa shemasi kijana Horbury Bridge, kitongoji cha watu wa viwandani huko Yorkshire, Uingereza. Pentekoste ilikuwa inakuja, na watoto wa kanisani kwake walitakiwa kuandamana, msalaba mbele na bendera mikononi, wapande kilima hadi Horbury. Walihitaji wimbo wa kutembelea, akauandika haraka. Baadaye mwenyewe alikiri kwamba baadhi ya vina havikukaa sawa.

Kinachoniudhi zaidi ni kakipande kamoja ka neno, "as". Kiingereza chake kinasema "marching as to war", yaani wanatembea kama waendao vitani. Ni tashbihi! Ukiling'oa hilo "kama", watoto wa Pentekoste wanageuka kikosi. Na soma ubeti wa pili: anayekimbia ni Shetani na jeshi lake, na kinachotikisa misingi ya kuzimu ni sauti za sifa. Hakuna mzinga hata mmoja.

Ila kuna mahali nasita. Mwanzoni maneno hayo yaliimbwa kwa muziki wa Haydn, tena wa mwendo wa polepole. Tuni tunayoijua, St Gertrude, ni ya Arthur Sullivan, ya mwaka 1871, na besi yake inapiga hatua yenyewe. Ukiisikia, mguu unanyanyuka. Agosti 1941 Churchill aliuchagua wimbo huu kwa ibada na Roosevelt kwenye manowari Prince of Wales, katikati ya vita. Kwa hiyo besi wangu sikio lake halikumdanganya. Historia ndiyo hakuijua. Mimi mwenyewe watoto wakiuimba barabarani nafurahi, lakini watu wazima wakiuimba kwa tarumbeta nakosa raha.

Riwaya za Baring-Gould ni habari nyingine. "Mehalah" ya 1880 inatokea kwenye vinamasi vya maji ya chumvi vya Essex, pwani ya mashariki ya Uingereza, alikokuwa paroko, na ina ukatili ambao mpenzi wa tenzi hautarajii. Mke wake, Grace Taylor, alikuwa msichana wa kiwandani kule Horbury. Walioana 1868, wakazaa watoto 15. Na kazi aliyoiona kuu kuliko zote maishani mwake ilikuwa kukusanya nyimbo za wenyeji wa Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, kutoka vinywani mwa wazee wa mashambani na wavunja mawe.

Jumapili tutaimba wimbo wake wa jioni, "Now the Day Is Over". Sauti nne, polepole, bila ngoma.