Kuchemsha maji ya bomba hakuyafanyi yafae kwa matumbawe
Kuna watu wanaamini ukichemsha maji ya bomba, au ukiyaacha kwenye ndoo usiku kucha, basi yako poa kwa akwariamu ya matumbawe. Hapana jamani! Klorini itatoka kweli, ila kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia, nayo huwekwa majini kuua vijidudu) ni king'ang'anizi, halafu shaba, naitreti na fosfeti hazipandi na mvuke, zinabaki palepale kwenye maji yaliyopungua, yaani umezikoleza zaidi. Shaba kidogo tu inaua kamba na konokono, fosfeti nayo inalisha mwani, na kila ukijazia maji yaliyokauka unaongeza mzigo. Tumia chujio la RO (linalosukuma maji kupita kwenye utando wenye vitundu vidogo mno) likifuatiwa na resini ya kuondoa ayoni (chembe zenye chaji zilizobaki majini), pima TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) mpaka isome 0, ndo uchanganye chumvi.