Salamu ndefu hazimuuzii mtu mdalasini

Wiki iliyopita mzee mmoja wa Wete, ami yake rafiki yangu, kaniletea simu yake niisome barua pepe aliyomwandikia Mjerumani kumuuzia mdalasini. Barua za namna ile nimeshazisoma nyingi hapa Chake Chake, na kila nikitia mkono kufuta naambiwa neno lile lile: "Mwanangu, mgeni havamiwi. Kwanza umwamkie." Nimechoka kulijibu mmoja mmoja.

Dhana: mteja wa nje aandikiwe kwa heshima, na heshima ni salamu.

Barua ya Ami ilianza kwa kumtakia mnunuzi afya njema, yeye, familia yake na wafanyakazi wake. Ikafuata historia: visiwa vyetu vya viungo, Seyyid Said alivyohamia Unguja, watalii wanavyotupenda. Kisha kampuni ilivyoanzishwa, na kwamba ni "kampuni inayoongoza" (inaongoza nani, sikuambiwa). Mdalasini wenyewe ulijitokeza aya ya sita. Bei haikujitokeza kabisa, kwani "bei atapewa akijibu."

Ukweli: hakufika aya ya sita. Mnunuzi wa viungo wa Hamburg anafungua simu asubuhi akaona vichwa vya barua na maneno machache ya mwanzo, basi. Kichwa cha Ami kilikuwa "Ombi la ushirikiano", na maneno ya mwanzo "Natumai barua hii itakukuta katika". Hata mimi ningeifuta. Kwetu mtu akikupita bila ya sabalkheri tunasema hakufunzwa. Kwa yule, asiyefunzwa ni anayemkalisha dakika tano kabla ya kumwambia anauza nini.

Linaloniuma zaidi ni kwamba jambo ambalo mnunuzi angelisimamia kulisoma, Ami hakuliandika. Mdalasini wake ni Cinnamomum verum, mdalasini wa kweli, si cassia, ile aina nyengine inayouzwa kwa jina hilo hilo la mdalasini. Cassia ina coumarin nyingi, kitu kinachoweza kudhuru ini kikizidi, na Umoja wa Ulaya umekiwekea mpaka: kwa kanuni namba 1334 ya 2008, mikate na keki za jadi za msimu zenye mdalasini zisizidi miligramu 50 za coumarin kwa kilo. Anayewauzia waokaji wa Ujerumani anaijua habari hiyo vizuri kuliko anavyomjua Seyyid Said. Neno "verum" peke yake lingefanya kazi iliyozishinda aya tano.

Tukaiandika upya. Kichwa: "Mdalasini wa Pemba, verum, kilo 300 tayari". Ndani: tulionana shambani kwangu Wete, ukaniomba nikuandikie, nina kilo 300 za vijiti, mavuno ya mwaka huu, unyevu asilimia 11, magunia ya kilo 25, bei ya FOB (yaani mpaka mzigo upakiwe melini) bandari ya Zanzibar, kwa dola, imeandikwa na si kufichwa. Mwisho swali moja tu: nikutumie sampuli ya gramu 200? Salamu ikabaki neno moja na jina la mtu, jina lililoandikwa sawasawa kama lilivyo kwenye kadi yake. Ami akaguna, akasema barua imekuwa kama risiti. Nikamwambia, Ami, risiti ndiyo tunayoitafuta. Jibu lilikuja siku ya pili: sampuli anaitaka, na anataka kipimo cha coumarin kutoka maabara. Sasa ndicho tunachohangaika nacho.

Dhana: nunua orodha ya anuani 2,000, zipelekee zote barua moja, hakosekani wa kujibu.

Hakosekani wa kushtaki vilevile. Ujerumani, barua pepe ya kutangaza biashara inataka ridhaa ya mpokeaji kabla, hata akiwa ni kampuni. Ndiyo maana nilimuuliza Ami mara mbili kama yule bwana alimwomba kweli amwandikie. Marekani sheria ya 2003 ni nyepesi kidogo, lakini inataka anuani yako halisi na njia ya mtu kujitoa. Na tangu Februari 2024 Gmail imekaza: barua ya asiyeweka SPF wala DKIM (alama za kuthibitisha kwamba barua imetoka kwake kweli) kwenye domeni yake, lile jina la baada ya @, inaweza kuishia kwenye spamu au kukataliwa kabisa. Waandikie watu kumi unaojua wananunua nini. Na tafadhali, usiwaweke wote kumi kwenye mstari mmoja wakaonana majina.

Dhana: kutojibu ndiyo jibu.

Wakati mwengine, naam. Lakini uliandika Agosti kwa Mfaransa au Mtaliano? Yuko pwani. Uliandika Alkhamisi jioni kwa jamaa wa Muscat? Wikiendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili barua yako iko chini ya nyengine zote. Ngoja wiki, jibu juu ya barua ile ile, na uje na kipya: picha ya mzigo uliokwisha fungwa, cheti kilichotoka. "Nakukumbusha tu" si kipya.

Dhana: mnunuzi akiulizia karafuu, mwambie zipo.

Karafuu zina mwenyewe, ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Mwelekeze huko, uendelee na pilipili manga yako.

Dhana: saa ni saa.

Kijana mmoja muuza mwani alimwandikia mnunuzi ampigie "3:00". Yeye alikusudia saa tatu asubuhi, akakaa na simu mkononi hadi adhuhuri. Simu ililia saa tisa mchana, yuko baharini, maji yametoka, simu kaiacha nyumbani. Saa tatu yetu kwenye barua ni 9:00, na uandike ni ya Afrika Mashariki. Hamburg wako nyuma yetu saa moja wakati wa kiangazi chao, saa mbili wakati wa baridi.