Skrini haina sheria ya vitu saba

Hapa Dodoma, kama kwingineko, wanaojifunza kusanifu programu huambiwa menyu isizidi vitu saba. Si kweli. Namba hiyo imetoka kwenye makala ya mwanasaikolojia George Miller ya mwaka 1956, naye alizungumzia kumbukumbu ya muda mfupi, yaani yale mtu anayoyashika kichwani bila kuyaona. Kilicho mbele ya macho hakihitaji kukaririwa.

Chukua bei za nafaka za soko la Kibaigwa. Ukizigawa kurasa tatu ili usivuke saba, mfanyabiashara atalazimika kukumbuka bei ya mahindi huku akitazama ya mtama, na hapo umemwongezea mzigo uleule uliotaka kumpunguzia. Ziweke zote kwenye jedwali moja: mistari ishirini husomeka vizuri ikipangwa kwa zao, tarakimu zikilingana upande wa kulia.