Usimamizi wa utendaji kazi kidijitali ni nini hasa?

Ni utaratibu wa mtumishi na msimamizi wake kukubaliana kazi za mwaka, kufuatilia zilipofikia na mwishoni kupeana alama, yote ndani ya mfumo wa kompyuta badala ya fomu za karatasi. Mwalimu au muuguzi wa serikali mkoani Kigoma anaujua kwa jina moja tu: PEPMIS.

Zamani tathmini ilikuwa ya siri. Mkuu anaandika, wewe huoni. Mwaka 2004 ikaja OPRAS, ya wazi, mtumishi akajiwekea malengo na kusaini pamoja na bosi wake. Nia ilikuwa njema, ila tunajua fomu zilivyokuwa zikijazwa: harufu ya kupanda daraja ikisikika, za miaka mitatu kwa mkupuo mmoja, kalamu ileile. Mwaka 2023 serikali ikaleta PEPMIS kwa ajili ya watumishi, na PIPMIS kwa ajili ya taasisi zenyewe.

Ndani ya mfumo, mtumishi huchukua jukumu linalotokana na mpango wa taasisi yake, akaligawa katika kazi ndogondogo, kila moja na muda wake na kipimo chake. Msimamizi huidhinisha au hurudisha. Baadaye mtumishi hueleza kazi ilipofika, naye msimamizi hutoa alama.

Uzito wote umelala kwenye ile idhini. Chukua muuguzi wa zahanati ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilayani Uvinza, kusini huko kuelekea Kalya. Ameandika kwamba hadi Desemba atachanja watoto 120. Chanjo zikitegemea boti na ziwa likachafuka wiki mbili, zahanati inakaa bila dozi, lakini alama inayoshuka ni ya kwake. Msimamizi anayejua kazi yake angeketi naye Julai, mwaka wa fedha unapoanza, wakaandika yale yaliyo mikononi mwa muuguzi: siku za kliniki alizofungua, kina mama waliokosa tarehe akawafuata nyumbani. Mazungumzo hayo hayana kitufe. Yasipofanyika, kinachobaki ni OPRAS ileile, sasa ikiwa kwenye skrini. Na kuna wasimamizi ambao hata kuingia hawaingii. Mtumishi anaona "inasubiri" miezi na miezi.

Kilio kikubwa ni mtandao, na kweli vijiji vingine unapanda kilima kutafuta minara. Hilo naliona dogo kuliko linavyosemwa. Mfumo hauhitaji uwe hewani kutwa. Ukiwa na malengo yako kwenye daftari, siku ya kwenda mjini Kasulu au Kibondo unaweza kuingiza kazi nyingi kwa pamoja.

Linalonitisha zaidi ni kijana wa stesheneri. Watumishi wengi, hasa waliokaribia kustaafu, humpa namba ya cheki (namba yao ya utumishi), nywila na elfu kadhaa, awajazie. Kwanza anawaandikia malengo ya kunakili, mwalimu wa Hisabati na wa Kiswahili wakafanana neno kwa neno. Pili, akaunti hiyohiyo ya ESS, lango la mtandaoni la watumishi ambamo PEPMIS imo, ndiyo inayotumika kuombea uhamisho na mikopo. Umeshampa? Badilisha nywila leo. Mwakani mwombe mwalimu kijana wa shuleni kwako akuelekeze, simu ikiwa mkononi mwako.